Mashoto wa Havana na mlango uliochagua rangi

Isabel Álvarez hakuwa nyota. Nianze hapo, maana simulizi za wanamichezo wa kike zina mazoea ya kumpandisha mhusika kileleni kwanza, ndipo ushahidi wa kumweka huko utafutwe. Katika miaka yake ya kucheza katika ligi ya besiboli ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani, kati ya 1949 na 1954, binti huyu wa Havana alipita timu baada ya timu: Chicago Colleens, Fort Wayne Daisies, Battle Creek Belles, Kalamazoo Lassies, Grand Rapids Chicks. Mchezaji tegemeo hazungushwi hivyo. Aliajiriwa kama mrushaji, yaani anayemtupia mpira mpigaji mwenye gongo, akawa pia analinda uwanja wa nje, sehemu ya mbali na mpigaji, na ligi ilipofungwa mwaka 1954 alikuwa hajatimiza miaka 21.

Hata hivyo, naona maisha yake yanaifichua ligi ile kuliko maisha ya nyota yeyote. Nyota akiingia, tunasema ni kipaji, na mazungumzo yameisha. Akiingia mchezaji wa kawaida, tena kutoka nchi nyingine, tena hajui Kiingereza, inabidi tuulize nani alimfungulia mlango, alimhitaji kwa nini, na nani mwenye mkono mzuri kuliko wake aliachwa nje.

Ligi hiyo ya wanawake ilianzishwa mwaka 1943. Philip Wrigley, tajiri wa chingamu, bigijii kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, alikuwa pia mmiliki wa Chicago Cubs, timu ya besiboli ya wanaume. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinachukua wachezaji wanaume, naye akahofia viwanja kubaki vitupu. Timu nne za mwanzo zikawekwa Rockford, Racine, Kenosha na South Bend, miji ya viwanda ambayo watu wake walikuwa na fedha za vita mfukoni na mahali pachache pa kuzitumia. Mchezaji alilipwa kati ya dola 45 na 85 kwa wiki. Kwa msichana wa wakati ule, hizo zilikuwa fedha za kumfanya baba mtu anyamaze.

Malipo yalikuja na masharti. Msimu wa kwanza mabinti walipelekwa kwa watu wa saluni ya Helena Rubinstein kufundishwa kukaa, kutembea na kujipamba. Kila timu ilikuwa na mama msimamizi. Kuonekana mitaani umevaa suruali ni kosa, kukata nywele kiume ni kosa, kusahau rangi ya mdomo ni kosa. Kosa la kwanza dola 5, la pili dola 10, la tatu unasimamishwa. Na sare yao ilikuwa gauni fupi lililoishia juu ya magoti.

Gauni hilo nataka tulitazame kwa karibu. Katika besiboli, mkimbiaji anayetaka kuwahi besi, kile kituo anachopaswa kukigusa kabla mpira haujafika, hujitupa chini na kuteleza kwa nyonga na paja juu ya udongo mkavu. Mwanamume anateleza na suruali nene. Binti wa ligi hii aliteleza na ngozi yake. Ngozi ilichunika, ikaacha bamba jekundu bichi la ukubwa wa kiganja, nao wenyewe wakaliita stroberi. Usiku mama msimamizi anapaka dawa na kufunga bandeji. Kesho yake kuna mechi, na besi lazima iwahiwe, kidonda kile kile kinarudi udongoni. Picha za matangazo zilionyesha midomo. Mimi nikiifikiria ligi hii huona paja.

Kwa nini sasa ligi ya miji ya baridi huko kati-magharibi mwa Marekani ikahangaika kutafuta wasichana Cuba?

Watu hujibu kwa sababu ya biashara: vita vimekwisha, wanaume wamerudi, watazamaji wanapungua, ligi inatafuta soko jipya. Ni kweli, lakini kuna sababu ya kiufundi ambayo naona haipewi uzito wake. Ligi ilipoanza, mchezo wenyewe ulikuwa karibu na softiboli, ndugu wa besiboli mwenye mpira mkubwa zaidi. Mpira ulikuwa na mzingo wa inchi 12, mrushaji alisimama futi 40 kutoka kwa mpigaji, na aliurusha kwa kupitisha mkono chini ya kiuno. Mwaka hadi mwaka mpira ukapunguzwa na umbali ukaongezwa. Ilipofika 1948, warushaji wakaruhusiwa kurusha kwa mkono wa juu, kama wanaume. Ghafla wasichana wa Marekani waliokulia kwenye softiboli wakawa wamebeba ujuzi wa mchezo mwingine. Bega lililozoea kurusha kwa chini halibadilishwi kwa wiki mbili za mazoezi.

Cuba walicheza besiboli yenyewe. Mchezo uliingia kisiwani katika miaka ya 1860, pamoja na vijana wa familia zenye uwezo waliorudi kutoka masomoni Marekani, na ligi ya wanaume ikaanza 1878. Watawala wa Kihispania waliutilia shaka, na hawakukosea: kijana aliyeacha mapigano ya mafahali ya Wahispania akaenda kwenye besiboli alikuwa anasema jambo. Emilio Sabourín, mmoja wa waasisi wa ligi hiyo, alikamatwa kwa kuunga mkono harakati za uhuru na kufia gerezani Ceuta, mji wa Wahispania kaskazini mwa Afrika, mwaka 1897. Kwa hiyo mtoto wa Havana wa miaka ya 1940 alikuta besiboli ni mchezo na pia ni namna ya kuwa Mkuba. Sidhani ni bahati tu kwamba Mirtha Marrero, Migdalia Pérez na Isabel Álvarez, Wakuba watatu kati ya waliochukuliwa na ligi kuanzia 1948, wote waliingia kama warushaji.

Na Isabel alikuwa mashoto. Wamarekani wakamwita Lefty, jina lililomganda maisha yote. Sisi wenye shoto tuliolelewa kwa vikofi kila tulipougusa ugali kwa mkono usiotakiwa tunaisoma habari hii kwa raha ya pekee. Katika besiboli mrushaji wa mkono wa kushoto ni mali. Mpira unamjia mpigaji kutoka upande asiouzoea, macho yanachelewa, gongo linakata hewa. Mkono unaofichwa nyumbani, uwanjani unaandikiwa mkataba.

Turudi Havana ya 1947, maana mambo yote ya makala hii yalikutana pale katika majira yale ya kuchipua.

Mapema mwaka huo, Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kuu ya wanaume, walikuja mjini humo kwa mazoezi pamoja na timu yao ndogo ya Montreal, ambamo alikuwamo Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyekuwa anaandaliwa kuingia ligi kuu iliyowafungia weusi. Branch Rickey, aliyeiongoza Dodgers, aliichagua Havana ili kumwepusha Robinson na ubaguzi wa Florida. Ligi ya Cuba ilikuwa imewakubali wachezaji weusi tangu 1900, na mashabiki wake wasingeshangaa kumwona. Lakini walipofika, Rickey huyo huyo akawapangia Robinson na wenzake weusi watatu malazi yao peke yao, hoteli ya hadhi ya chini mjini, akihofia vurugu ndani ya timu. Ubaguzi ulisafiri na mizigo ya timu ukafunguliwa ugenini. Tarehe 15 Aprili Robinson aliingia uwanjani Brooklyn, na ukuta wa rangi katika ligi kuu ya wanaume ukapasuka.

Siku chache baadaye wakatua Havana wanawake. Ligi iliwaleta wachezaji wake, zaidi ya mia moja, kwa mazoezi ya kabla ya msimu, ikawaweka katika hoteli ya Sevilla Biltmore, mojawapo ya hoteli za fahari za mji ule. Walicheza kwenye Gran Stadium, uwanja uliokuwa na umri wa chini ya mwaka mmoja, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Uwanja huo uko El Cerro, na El Cerro ndiko Isabel alikokulia. Alikuwa na miaka 13.

Tazama sasa zile hoteli mbili. Aliyekuwa anakaribia kubadilisha historia ya mchezo alilala kwenye ile ya chini. Waliolala kwenye ile ya fahari walikuwa wachezaji wa ligi ambayo haikuwa na mwanamke mweusi hata mmoja, na ambayo mpaka inazikwa miaka saba baadaye haikumsajili hata mmoja.

Hapa ndipo swali la nani alimfungulia mlango Isabel linapoacha kupendeza. Ligi iliwahitaji Wakuba, lakini iliwahitaji Wakuba wa aina fulani. Kisiwa kizima kilikuwa na watu wa kila rangi. Waliopandishwa ndege kwenda Chicago walikuwa wale ambao Marekani ingeweza kuwaita weupe bila kusitasita sana. Kanuni hii wanaume walishaizoea. Klabu ya Cincinnati ya ligi kuu iliposajili Wakuba wawili mwaka 1911, ilibidi iwahakikishie watu wake kwamba damu yao ni ya Ulaya tupu. Adolfo Luque, Mkuba mweupe, alishinda mechi 27 kwa klabu hiyo mwaka 1923. Martín Dihigo, Mkuba mweusi ambaye wajuzi wengi wanamweka miongoni mwa wachezaji kamili kuliko wote waliowahi kuishi, hakucheza hata siku moja katika ligi kuu ya Marekani. Alikuja kuingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli, lililoko Cooperstown, mwaka 1977, akiwa ameshafariki.

Mwaka 1951 viongozi wa ligi ya wanawake walikaa kikao wakajadili kama wawachukue wachezaji weusi. Waliolipinga wazo walikuwa wengi. Mweusi angefikiriwa labda kama angekuwa na uwezo wa kupindukia. Rudia sharti hilo polepole. Mkuba mweupe aliruhusiwa kuwa mchezaji wa kawaida. Aliruhusiwa kuja akiwa na miaka 15, bila lugha, akajifunza kazi akiwa kazini, akakosea, akahamishwa, akajaribiwa tena. Mweusi alitakiwa awe muujiza kwanza.

Mamie Johnson, binti mfupi mweusi mwenye mkono wa risasi, alikwenda kwenye majaribio ya ligi hiyo huko Alexandria, Virginia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akarudishwa bila kujaribiwa. Yeye, Toni Stone na Connie Morgan wakaishia kucheza pamoja na wanaume katika Indianapolis Clowns, klabu ya ligi za weusi iliyokuwa imetoka tu kumuuza Hank Aaron, aliyekuja kuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa ligi kuu. Yaani ligi ya wanawake haikuwa na nafasi yao, wakaenda wakarushiana na wanaume. Uzeeni, Johnson alisema anashukuru kwamba walimkataa. Namwamini, ila shukrani yake haiwasafishi waliomfungia mlango.

Sisemi haya kumwekea Isabel hatia. Mtoto wa miaka 15 hakuchora mpaka wa rangi wa Marekani. Nasema ili tuone ukubwa kamili wa kile alichopewa, na kwa gharama ya nani.

Aliyempa mwanzo alikuwa mama yake, Virtudes. Ndiye aliyemsukuma bintiye kwenye michezo na kumwona katika besiboli mtu ambaye majirani hawakumwona. Timu ya wasichana, Estrellas Cubanas, ilikuwa imeundwa mjini kufuatia msisimko wa 1947, chini ya mfanyabiashara Rafael de León. Isabel akaingia, na mwaka 1949 akasaini kwenda Marekani. Katika familia ya kipato cha chini ya El Cerro, mama anayemwachia binti wa miaka 15 apande ndege kwenda kucheza mpira alikuwa anapingana na kila shangazi mtaani. Najiuliza mara nyingi kama ilikuwa ndoto ya binti au ya mama, na sioni kama tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa pale uwanja wa ndege. Kuna watoto wanaobebeshwa ndoto ya mzazi wakaivaa ikawatosha.

Kabla yake alikuwa ametangulia Eulalia González, aliyeitwa Viyaya, Mkuba wa kwanza katika ligi, aliyejiunga na Racine Belles mwaka ule ule wa 1947. Hakukaa. Upweke ulimrudisha nyumbani upesi. Habari yake huwa inapitwa kwa sentensi moja, nami nafanya vivyo hivyo, lakini ibaki kichwani unaposoma kuhusu waliobaki: kubaki kulikuwa kazi ngumu kuliko kurusha.

Chicago Colleens, timu ya kwanza ya Isabel, haikuwa hata na makao. Ilianza 1948 kama klabu kamili, ikaporomoka, na mwaka uliofuata ikageuzwa, pamoja na Springfield Sallies, kuwa timu za kuzunguka na kulea chipukizi. Ziliishi ndani ya basi, zikicheza zenyewe kwa zenyewe mji baada ya mji, mashariki na kusini, usiku mmoja hapa, kesho kwingine. Mwaka 1950 zilifika mpaka Yankee Stadium, New York. Mweke humo msichana asiyejua Kiingereza. Menyu ya mgahawa hujui kuisoma, kwa hiyo unakula anachoagiza mwenzako. Kocha anapiga kelele, unatazama mikono yake. Wakuba wenzako wawili watatu ndio nyumbani, na ligi inaweza kuwatenganisha kwa karatasi moja ya uhamisho. Kitu pekee kisichohitaji mkalimani ni pale mdakaji anapochuchumaa, anafungua glavu, anakungoja.

Kuhusu lugha, waandishi wa michezo wa Marekani walikuwa na tabia ya kuwafanyia Walatini mzaha kwa kuandika Kiingereza chao kama wanavyokitamka. Minnie Miñoso, Mkuba mweusi wa Matanzas aliyeingia klabu ya ligi kuu ya Cleveland mwaka ule ule wa 1949, alikumbana na hayo na zaidi.

Kisha milango ikaanza kufungwa, mmoja mmoja. Juni 1952 klabu ya Harrisburg Senators ilimsajili Eleanor Engle, na kabla hajacheza hata mpira mmoja, viongozi wa ligi ndogo za wanaume wakapiga marufuku mikataba ya wanawake. Televisheni ikawakalisha watu nyumbani. Katika msimu wa 1954 mpira wa ligi ya wanawake ukafikia hatimaye ukubwa wa ule wa wanaume, na mrushaji akasimama futi 60, karibu sawa kabisa na wao. Safari ya miaka 11 kutoka softiboli hadi besiboli kamili ikawa imekamilika, na msimu huo ndio ukawa wa mwisho. Waliofika walifika mahali ambapo taa zinazimwa.

Isabel alibaki Fort Wayne, Indiana, akafanya kazi za kiwandani. Sehemu hii ya maisha yake ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo inayoandikwa kidogo kuliko zote. Mapinduzi ya Januari 1959 yalibadilisha kule alikotoka. Januari 1961 Marekani na Cuba zikavunja uhusiano wa kibalozi, na mwaka huo huo serikali ya Fidel Castro ikafuta michezo ya kulipwa. Neno lenyewe lililomtoa Havana, mchezaji wa kulipwa, likawa halina nafasi nyumbani. Na huko aliko halikuwa na nafasi pia, maana ligi ya wanawake ilikuwa imekufa na watu wa mjini walishaisahau. Majirani walimwona mhamiaji wa kiwandani mwenye lafudhi nzito, na walikuwa sahihi, ila hawakujua nusu ya pili.

Kwa hesabu ya mshahara na takwimu, basi, besiboli ilimpa miaka michache na mechi za kuhesabika. Kwa hesabu ya maisha ilimpa makazi, nchi nyingine na marafiki waliokuwa wamejifunza kumsikiliza. Ninapinga wanaosema mchezo ulimkomboa, maana hakuna aliyekuwa amemfunga. Na ninapinga wanaosema ligi ilimtumia ikamtupa, maana yeye naye aliitumia. Alichukua mkataba wa msimu akaugeuza kuwa maisha mazima. Wahamiaji wengi wamefanya hivyo kwa viza ya masomo au kwa kazi ya meli. Yeye alifanya kwa bega la kushoto.

Mwaka 1982 wachezaji wa zamani walikutana Chicago kwa mara ya kwanza tangu ligi ife. Wengine hawakuwa wameonana kwa miaka karibu 30. Novemba 1988 jumba la heshima la Cooperstown likafungua maonyesho ya wanawake katika besiboli, na orodha ya majina ya wachezaji wa ligi ikawekwa hapo. Hollywood ikaleta filamu yake 1992, na wanawake waliokuwa hawajawahi kuwaambia hata wajukuu wakaanza kuombwa sahihi. Filamu hiyo ina sekunde chache za mwanamke mweusi anayeokota mpira uliopotea pembeni ya uwanja na kuurudisha kwa kishindo, kisha anaondoka. Mkuba aliyebaki kichwani mwa watazamaji, hakuna.

Isabel akawa mtu wa mikutano ile. Ndiko alikokuwa tena mchezaji, si mstaafu wa kiwandani tu. Walimwita Lefty, na hakuhitaji kueleza kwa nini.